Laini ya Tano

Walinituma Barabara ya Lusaka, Industrial Area,
godauni la misumari na mabati,
nikang'oe swichibodi iliyofungwa
kabla sijang'oka meno ya utotoni.
Mkobani: kisu cha kroni, multimita,
simu ya majaribio yenye mdomo wa mamba,
na barua ya ofisi: "Laini zote za shaba zifungwe leo."

Bi Zipora Kwamboka alinifungulia chumba,
akapangusa kiti kwa upindo wa sweta.
Miaka thelathini na mmoja amekaa hapa,
sikio la kushoto la kampuni, la kulia lake mwenyewe.
"Hii," akaniambia, "haijui kuzima. Stima ipotee
Nairobi nzima, yenyewe bado ina toni."
Nikasema najua, mama. Inalishwa kutoka mbali.

Nikafungua fremu.
Vumbi. Mjusi aliyekauka kama risiti.
Kadi mbili, kila moja laini nne,
zenye kajoto kadogo, kama tumbo la paka.
Nyaya zimesokotwa mbili mbili,
moja haifai kitu bila mwenzake:
buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu.
Ukishazijua rangi hizo kwa mpangilio
huzisahau, hata ukisahau jina la mkweo.

Laini iliyolala ina volti arobaini na nane.
Mtu akiinua mkonga inashuka hadi nane,
kama mzazi anayechuchumaa
asikie mtoto anasema nini.
Hilo sikufundishwa chuoni. Nimeliona tu.

Ya kwanza: arobaini na nane. Nikakata.
Ya pili vivyo hivyo.
Ya tatu iliita nikiwa nimeshika shaba kwa vidole,
ikanipiga hadi kwenye kiwiko.
Nikatukana, Bi Zipora akacheka,
akapokea kwa sauti ya kazi: "Mabati na Misumari, habari ya asubuhi?"
Mtu alikuwa amekosea namba.
Ya nne, ile inayonguruma wakati wa masika,
nayo nikaikata.

Ya tano, daftarini, imeandikwa MBOVU.
Mwezi baada ya mwezi, mwandiko uleule wa kulala upande,
mbovu, mbovu, mbovu, miaka kumi na mmoja,
na bili yake imelipwa kila mwezi.
Nikagusisha sindano za multimita.
Nane.

Nikamtazama Bi Zipora. Bi Zipora akatazama kalenda.
Nikabana mdomo wa mamba kwenye jozi ya kijivu,
nikasikia pumzi, nikasikia jogoo wa mahali fulani,
kisha sauti nzito ya mpakiaji: "Tisa mara saba?"
Kimya kirefu, cha kulipiwa.
"Sitini na... tatu."
"Haya. Tisa mara nane?"

Nikabandua upesi, kama aliyefungua bafu lenye mtu.

"Iko jikoni," akasema, "nyuma ya debe la unga.
Hawa wanabeba mabati tangu saa kumi na mbili.
Salio la nani litamaliza jedwali la tisa?
Lakini wewe fanya kazi yako."

Nikafanya. Sita, saba, nane.
Kisu kile kikikata husonya.
Swichi mpya ilikuwa mezani, nyeupe, nyembamba,
haina hata skrubu moja ya kugusa,
inangoja stima kama sisi sote.

Saa tisa nikaandika ripoti. Kalamu ikasimama
kwenye kisanduku cha tano, wino ukafanya doa.
Kisha: "Laini ya dharura ya lifti. Kwa usalama, isikatwe."
Nikampa atie sahihi.

Alisoma polepole, miwani puani,
akainua macho kwenye paa la mabati
lililo futi kumi na mbili tu juu yetu,
akayarudisha karatasini.
"Hiyo lifti," akasema,
"imetusumbua sana,"
akatia sahihi.